Nyasi za Msiba Juu ya Sementi

Jumanne, 9 Machi 1954

Placidius amekufa. Tumemzika jana kwenye migomba, karibu na babu yake.

Sasa ndiyo nisalimie. Habari za asubuhi, daftari. Mimi ni Xaveria binti Methodius, mke wa Protase Byarugaba, hapa Ihembe. Daftari hili ni zawadi ya mwanangu mkubwa, Anatory, anayesoma Bukoba. Darasani ni wa pili, na huyo wa kwanza ni mtoto wa mwalimu, kwa hiyo mtu apime mwenyewe. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho masista walichonifundishia kuandika. Kinyambo ni cha mdomoni.

Jeneza lilikuwa la mbao zilizorandwa. Watoto wa miezi saba wa hapa kwetu hufungwa mkekani, wakaenda. Wangu alipata mbao zilizorandwa na misumari mipya. Watu walijaa mpaka shambani kwa jirani yetu Joviana. Mke wa yule mfanyabiashara wa Bukoba mwenye duka Bugene alivua viatu mlangoni alipoiona sakafu. Nilimwona anavyoitazama. Siku ile niliona kila kitu: nani kaja na nini, nani kavaa nini. Kulia sikulia. Wamenililia wao, na nawashukuru.

Placidius alikuwa anakohoa tu. Halafu akawa anavuta pumzi kama mzee anayevuta lubisi, pombe ya ndizi, kwa mrija ulioziba. Halafu basi.

Jumatano, 10 Machi

Mvua.

Ijumaa, 12 Machi

Mvua. Watu wanaendelea kuja, kila mmoja na fungu lake la nyasi.

Niandike habari ya nyasi, maana Anatory akija kusoma haya asije akauliza. Kwetu nyumba ya msiba hutandikwa nyasi sakafu nzima, na kitanda hakilaliwi. Kila anayekuja kuhani huongeza nyasi juu ya nyasi. Wanaume hurudi vitandani baada ya siku chache. Mama wa mtoto, bibi wa mtoto na watoto wa nyumba hubaki chini, hawalali nyumba nyingine, mpaka mkubwa wa ukoo aje ashike konzi ya kwanza na kuitoa nje. Hapo ndipo wote hufagia, nyasi zikachomwa njiani, msiba ukaisha. Kabla ya mkono wake hakuna mkono mwingine.

Mkubwa wa ukoo ni Ta Byabato, kaka yake mume wangu, na yeye amehamia Songambele. Bonde la njiani limejaa maji. Ametuma salamu kwamba atakuja mvua zikipungua.

Haya. Tutamngoja. Nyasi zimefika kwenye kifundo cha mguu wangu.

Jumapili, 14 Machi

Joviana kanifuata baada ya misa. Yule mwanamke ana mdomo ambao Mungu angempa mtu mwingine ungetosha watu wawili.

"Mama Anatory, nyumba yako nzuri, lakini ni baridi kama ndani ya kisima."

"Ni sementi hiyo, waitu. Hujaizoea."

"Nitaizoea wapi? Mimi wangu udongo."

"Ndiyo maana nakwambia hujaizoea."

Alicheka, akanishika mkono, akanipa ndizi mbivu. Nami nilicheka. Sauti ilitoka yenyewe.

Lakini ni kweli, hakuna nyumba kama yangu kutoka hapa mpaka kwa chifu. Pembe nne, bati, chokaa nyeupe ndani na nje, sakafu ya sementi, madirisha mawili yenye mbao za kufunga. Mume wangu aliuza kahawa ya miaka mitatu. Fundi alitaka kuta zingoje kiangazi zikauke. Nikamwambia, fundi, mimi Noeli nitaisali nikiwa ndani ya bati. Na niliisali. Jiko nikaliweka nje, mbali, moshi usije ukagusa chokaa. Placidius alikuwa mtoto wa kwanza wa ukoo huu kutambaa kwenye sakafu isiyo na vumbi. Kila nikimwokota, magoti yake meupe.

Jumatatu, 15 Machi

Mvua.

Jumanne, 16 Machi

Mvua. Mama mkwe amehamia rasmi kwenye nyasi zangu na mto wake wa majani ya migomba. Msonge wake uko hatua chache tu kutoka hapa, lakini usiku lazima alale huku, ni bibi wa marehemu. Anaitwa Kokuberwa. Tangu tulipojenga alikuwa hajaingia nyumba hii zaidi ya kusimama mlangoni. Alikuwa anasema bati linamsemesha mvua ikinyesha na yeye hataki kusemeshwa.

Sasa amepata sababu ya kukaa, naye amekaa.

Jumamosi, 20 Machi

Pametokea madoa kwenye ukuta, pembeni anapolala Felicitas. Meusi, mengi, kama mtu amepiga chapa ya vidole vyenye masizi. Felicitas ni binti yangu wa miaka minane, ana akili na anajua kusuka mkeka kuliko wasichana waliomzidi umri, na mchafu siyo. Nimemwuliza, akakana.

Nikamtazama mama mkwe. Mikono yake ni ya mtu aliyekaa na moto wa msonge miaka sitini, masizi yameingia mpaka kwenye mistari ya kiganja.

 Nilichukua chokaa nikapaka upya.

Jumanne, 23 Machi

Madoa yamerudi. Yale yale, palepale, na mengine juu yake.

Mtu anakuja kuyapaka ninapokuwa shambani. Najua nani hataki nyumba hii.

Jumatano, 24 Machi

Felicitas anakohoa.

Alhamisi, 25 Machi

Anakohoa. Mvua.

Ijumaa, 26 Machi

Mvua. Nimepalilia maharage. Nimepika. Wamekula.

Jumatatu, 29 Machi

Nimempeleka Felicitas zahanati. Nilimvalisha gauni la Jumapili, watu wajue ni mtoto wa nani. Dresa ni kijana msafi, anaitwa Cassian, kwao Muleba. Aliweka sikio kwenye mgongo wa mtoto.

"Kifua kinapiga filimbi, mama. Analala wapi?"

"Nyumba ya bati. Sakafu sementi."

"Vizuri sana. Wengine hulala na mbuzi. Mfunike vizuri, funga madirisha, baridi isiingie."

Kanipa dawa ya maji kwenye chupa. Njiani kurudi Felicitas alikimbia mbele yangu, akapanda kilima cha kwetu bila kusimama, akaning'olea mwiba mguuni akinicheka. Pumzi safi kabisa. Nikasema dawa ya kijana yule ni kali, hata kabla ya kunywewa imefanya kazi.

Nimefunga madirisha. Nimesokota vitambaa nikaziba na nyufa za mbao.

Jumanne, 30 Machi

Alikohoa mpaka kulipokucha. Mume wangu kakaa naye, mimi nikakaa na mume wangu. Hakuna aliyesema jina la Placidius, lakini sote tulikuwa tunasikiliza mrija ule ule.

Ijumaa, 2 Aprili

Mvua. Dawa nusu chupa.

Jumapili, 4 Aprili

Padri kahubiri habari ya uvumilivu. Nilikuwa na kanga mpya. Sikumbuki mengine.

Jumanne, 6 Aprili

Leo tumegombana, na niandike kama tulivyogombana, maana watu wa nyumba hii watalipindisha.

Nilitoka mtoni nikakuta moshi unatoka kwenye mlango wangu. Ndani, katikati ya sebule, mama mkwe amezisogeza nyasi, ameweka mawe matatu juu ya sementi yangu, amewasha moto. Felicitas amekaa pembeni anachoma hindi.

"Mama! Unafanya nini?"

"Naota moto."

"Si una moto kwako?"

"Kwangu silali. Wewe na msiba wako mmeniweka huku, basi moto umenifuata."

"Utatia masizi kwenye chokaa!"

"Chokaa?" Akanitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. "Binti Methodius, nyumba isiyo na moto ni kaburi lenye mlango. Mizimu ya humu haijapewa mahali pa kukaa, ndiyo maana imemchukua mtoto."

"Mizimu haihusiki, Mama. Mimi nimebatizwa."

"Na Placidius je, hakubatizwa?"

Hapo nilichukua ndoo nzima ya maji niliyotoka nayo mtoni nikaimwaga juu ya moto. Majivu yakaruka mpaka kwenye picha ya Bikira Maria. Maji yakakimbilia chini ya nyasi. Sementi ilipasuka, ufa kama unywele, kutoka jiwe la kwanza mpaka la tatu.

Mama mkwe alifuta uso wake kwa upindo wa kanga, akasema polepole, "Umezima," akalala palepale akaupa ukuta uso.

Mume wangu alipokuja alisimama juu ya ule ufa. Akasema tu, "Mama Anatory," kisha akatoka kwenda kwenye migomba.

Jumatano, 7 Aprili

Nyasi zinanuka. Ni maji ya jana.

Jumapili, 11 Aprili

Matawi. Mvua hata kanisani.

Jumanne, 13 Aprili

Felicitas mchana hushinda msongeni kwa bibi yake. Nilikuwa simpendi kule, lakini nimechoka kukataza. Nilimfuata saa ya chakula. Msongeni mna giza, macho yanauma kwa moshi, mbuzi wamefungwa upande mmoja. Mtoto anaimba. Nimesimama mlangoni nikisikiliza nyimbo tatu nzima. Hakukohoa.

Usiku kwangu alikohoa.

Jumatano, 14 Aprili

Mchana kwa bibi: hakohoi. Kwangu anakohoa.

Alhamisi Kuu, 15 Aprili

Vile vile.

Nimemwambia Joviana. Amefikiri, kisha akasema wazo ambalo tayari nilikuwa nalo mimi: "Kwani huyo bizee hamfanyii mtoto kitu? Anamtoa mchana, anamrudisha usiku?"

Nilimkatalia, lakini si kwa nguvu.

Jumapili ya Pasaka, 18 Aprili

Pasaka. Nimepika ndizi na nyama, nimegawa mpaka kwa Joviana, watu wamesifu. Mimi katika kupika sina mpinzani, hata mama mkwe anajua, hula kimya ili asisifu. Leo alikula nusu, akampa Felicitas nusu nyingine.

"Kula wewe, ndiwe unayekohoa," alimwambia.

Naye akakohoa. Yeye mwenyewe, mama mkwe. Kikohozi kile kile, chenye filimbi. Akaona ninavyomwangalia, akajifunika mdomo.

Mtu hajilogi mwenyewe.

Jumatatu, 19 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 22 Aprili

Mbuzi mmoja wa mama mkwe alikata kamba akaingia sebuleni. Nilimwacha, nikasema ale, hizo nyasi zimekuwa nyingi. Mbuzi yule amewahi kula kanga yangu na kona ya mkeka na sabuni. Aliinamisha kichwa, akanusa nyasi zangu, akapiga chafya, akatoka.

Jumamosi, 24 Aprili

Leo lazima niandike sana, ingawa mkono hautaki.

Sanduku langu la bati lilikuwa limekaa juu ya nyasi ukutani tangu siku ya maziko. Ndani niliweka gauni la ubatizo la Placidius. Nililishona mwenyewe, kitambaa cheupe cha dukani Bugene, pindo la maua madogo. Masista walilipitisha mkono kwa mkono siku ile, na mmoja aliniuliza kama niko tayari kuwashonea. Nilikuwa sijalifungua sanduku. Leo nikasema nilitazame.

Lilikuwa limeota.

Sijui niandike vipi tena. Kifuani, pale palipokuwa na kidevu chake na mate yake, palikuwa na manyoya ya kijivu, laini, na duara za kijani. Nilipoligusa, vumbi likaruka likaniingia puani, na nikakohoa. Kikohozi chenye filimbi. Changu.

 Kisha nikasukuma sanduku, nikashika nyasi zilizokuwa chini yake, nikazinyanyua. Zilinyanyuka kama ngozi, kipande kizima. Chini yake sementi ilikuwa imelowa, na nyasi zilikuwa nyeupe kwa kuvu, nyuzi nyuzi, kama mtu aliyetandika usufi. Nikanyanyua pale anapolala Felicitas. Vile vile. Nikafuata kuvu kwa macho: kutoka chini ya nyasi, linapanda ukuta, na likifika juu linakuwa yale madoa meusi. Hakuna mkono uliopaka. Nikaenda nyuma ya mlango, kwenye pembe ambapo kitanda cha Placidius kilikuwa kabla ya msiba wowote, kabla ya nyasi yoyote. Ukuta ule sikuwa nimeutazama. Ulikuwa mweusi kutoka chini mpaka kiunoni kwangu.

Maharage ya mbegu niliyoyaweka kwenye kona ile, nusu gunia, yameshikamana. Ya mama mkwe, aliyoyaning'iniza msongeni juu ya moto, nilikwenda kuyatazama. Ukiyatikisa yanalia kama mawe.

Sikulia. Nililikunja gauni. Nililianika kwenye kamba, mvua ikanyesha, nikaliingiza tena.

Jumapili, 25 Aprili

Nimemwambia mume wangu: "Baba Anatory, nyasi zitoke leo."

"Kaka hajaja."

"Zimeoza. Chini kuna kuvu, linaingia kifuani kwa mtoto. Njoo nikuonyeshe."

Nimemwonyesha. Ameshika, amenusa, ameona. Protase si mjinga, ni mtu aliyechaguliwa na wenzake kupima kahawa yao. Alinawa mikono mara mbili. Kisha akasema:

"Nitatuma mtu Songambele. Nikitoa nyasi bila yeye, mtoto akafa, utaniambia nini?"

"Na usipozitoa akafa?"

"Utasema ni Mungu."

Hapo nilijua kwamba na yeye usiku halali.

Jumatatu, 26 Aprili

Mtu ameondoka na baiskeli.

Jumanne, 27 Aprili

Mvua. Felicitas hakwenda kwa bibi yake, hana nguvu. Amelala mchana kwenye nyasi.

Jumatano, 28 Aprili

Mvua. Nimejaribu kumlaza kwenye kitanda chetu. Mama mkwe akamtoa, akamrudisha chini. Hakusema kwa ukali.

"Akilala juu msiba utamwona amejitenga, utamfuata. Nimezaa tisa, nimezika sita. Unadhani sipendi kumlaza juu?"

Sikuwa najua kuwa ni sita. Miaka kumi na sita niko kwenye ukoo huu, nilijua wawili.

Ijumaa, 30 Aprili

Mtu karudi, tope mpaka shingoni. Jibu la Ta Byabato, amelisema mbele yetu sote kama alivyopewa: "Mkono usiguse nyasi. Atakayetoa nyasi peke yake anafungua mlango, na mtoto wa pili atatokea kwenye mlango huo. Ningojeni."

Mume wangu kaitika. Mama mkwe kaitika. Felicitas alikuwa anasikia.

Jumamosi, 1 Mei

Felicitas kaniuliza, "Mawe," yaani mama, "mlango gani?"

Nikamwambia ni maneno ya wakubwa. Kucha zake ni za bluu.

Jumatatu, 3 Mei

Nimezitoa.

Mume wangu alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa kahawa. Asubuhi mvua ilikatika kidogo. Nilimbeba Felicitas nikamkalisha jikoni nje, karibu na moto, nikamfunika kanga zangu mbili nzuri. Nikarudi nikafungua madirisha, nikang'oa vile vitambaa nilivyozibia. Kisha nikainama, nikashika konzi ya kwanza. Nilingoja nione kama nitaogopa. Sikuona kitu. Mkono ulikuwa kama wa mtu mwingine, na huyo mtu alikuwa na kazi, basi nikamwacha afanye.

Zilikuwa nzito. Nilitumia jembe. Tabaka la juu lilikuwa nyasi, la katikati samadi, la chini usufi wa kuvu. Nilijifunga kitambaa puani na bado nilikohoa. Nilikuwa nazirundika njiani, pale zinapochomwa, lakini hazikuwaka, zilitoa moshi tu, na moshi ule uliwaita watu. Joviana alikuja mbio na jembe lake mkononi, akidhani bati linaungua.

"Mama Anatory! Ta Byabato yuko wapi?"

"Songambele."

"Na nani ameshika ya kwanza?"

"Umemwona mtu mwingine humu?"

Akaweka kiganja mdomoni.  Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye mpaka wa shamba lake, akasimama pale, hakuingia, lakini pia hakuondoka. Mchana akapiga kelele kutoka palepale: "Pembe ya kushoto umeacha!"

Mama mkwe alitoka msongeni nilipokuwa nimebakiza upande wake. Nikasimama na jembe. Nilisema moyoni, akinipiga sitarudisha.

"Shikamoo, Mama," nikasema, ijapokuwa tulishasalimiana asubuhi.

"Marahaba."

Aliingia. Akatazama sementi iliyolowa, ukuta, pembe ya Placidius. Alitazama ile pembe muda mrefu. Akapitisha kiganja ukutani, akakigeuza akakisoma, masizi kwa kuvu, vimefanana. Kisha akainama pale alipokuwa analala, akakusanya nyasi zake, zile tu za mahali pake, akazikumbatia na mto wake.

"Hizi usichome."

"Zimeoza, Mama."

"Najua. Nazianika juu ya moto wangu. Byabato akija akiuliza nyasi ziko wapi, ziko kwa bibi wa mtoto. Msiba wangu nitakaa nao kwangu." Akafika mlangoni. "Na huyo msichana mlete. Nyumba hii ikauke kwanza."

"Hamjakatazwa kulala nyumba nyingine?"

"Nyasi ziko wapi?"

"Mikononi mwako."

"Basi msiba uko kwangu. Mlete."

Nimemleta. Nimelala huko na mimi, karibu na mbuzi.

Jumanne, 4 Mei

Mume wangu karudi. Ameona sakafu tupu, hakuingia. Amekaa nje kwenye kinu mpaka jioni.

Jumatano, 5 Mei

Mvua. Anakohoa.

Alhamisi, 6 Mei

Anakohoa. Watu hawapiti njia yetu.

Ijumaa, 7 Mei

Anakohoa kidogo.

Jumatatu, 10 Mei

Nimewasha moto katikati ya sebule, kwenye mawe yale matatu. Milango wazi, madirisha wazi. Ukuta unatoa jasho. Chokaa inageuka rangi ya chai. Anatory akija likizo atauliza nyumba nyeupe iko wapi. Mwenye kiti cha pili darasani atafahamu akielezwa.

Alhamisi, 13 Mei

Felicitas kala ndizi mbili na maharage, kaomba tena.

Jumapili, 16 Mei

Kanisani benchi letu tulikaa watatu tu, mimi na mume wangu na mtoto. Wengine walijibana benchi la nyuma. Felicitas aliimba Aleluya yote bila kukata, na sauti yake mimi naijua katikati ya mia. Wote waliisikia. Hakuna aliyegeuka. Mume wangu alikuwa ametazama chini, lakini mguu wake ulikuwa unapiga ule wimbo.

Jumanne, 18 Mei

Kucha zake ni za kawaida.

Nimemwambia mume wangu kuhusu pembe ya nyuma ya mlango. Kwamba kabla ya nyasi ukuta ulikuwa umeshalowa. Alisema, "Najua. Nilitazama siku ile uliyoniita."  Amechimba mfereji kuzunguka nyumba, maji ya bati yaende kwenye migomba. Amechimba siku nzima, peke yake, mpaka kiganja kikachubuka, na hakutaka nimfunge.

Ijumaa, 21 Mei

Jua.

Jumatatu, 24 Mei

Jua. Bonde limeanza kupitika.

Mtu wa Ta Byabato amefika na neno. Kaambiwa yote huko, habari hukimbia kuliko baiskeli. Anakuja na wazee wa ukoo, na amewaita baba yangu Methodius na ndugu zangu, maana mwanamke akishtakiwa, watu wa kwao huwepo. Shauri ni kwamba nimeshika konzi ya kwanza. Mume wangu ameniambia waziwazi, jikoni, akimenya ndizi nami, kazi ambayo hajaifanya tangu anioe:

"Wanaweza kusema urudi kwenu."

"Na wewe utasema nini?"

"Nitasema mtoto anaimba."

"Watasema bahati."

"Basi nitawaonyesha ukuta."

Felicitas alikuwa nyuma yetu anatwanga. Anatwanga na kuongea pamoja, pumzi inamtosha vyote viwili.

Jumatano, 26 Mei

Mama mkwe kaja na kapu la nyasi zile zake. Zimekauka kabisa, zina rangi ya dhahabu na harufu ya moshi. Kasema atakaa nazo mapajani, na Ta Byabato akitaka konzi ya kwanza atamwambia, "Shika hapa, mwanangu, hii haijashikwa." Kama watamkubalia au la, sijui. Nilimwuliza kama anaogopa. Akasema, "Mimi? Huyo Byabato nilimwosha makamasi." Kisha akaniuliza nitapika nini.

Nitapika ndizi za nyama, maharage ya mbegu zake maana yangu yaliota kuvu, na uji wa mtama. Lubisi limeshatiwa kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi, litakuwa tayari. Joviana ataleta viti. Ametuma mtu kuniambia, yeye mwenyewe bado hajavuka mpaka. Nitawakalisha sebuleni, juu ya sementi tupu, mbele ya ule ukuta wa rangi ya chai. Hawajapata kukaa juu ya sakafu kama hiyo. Nikirudishwa kwetu nitarudi nikiwa nimewapikia vizuri, na mtoto nimemwacha akipumua.

Wote wanakuja: Songambele, Bugene, na wa kwetu. Jumapili, tarehe thelathini Mei, baada ya misa.